Pawa saplai yangu ilipasuka nilipoiwasha. Hii ya pili niifungeje?

Msomaji wetu wa Tororo ameandika: "Mwalimu, salamu. Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya muziki kwenye harusi na matanga. Amplifaya yangu ni ya gari na siku zote nimeiendesha kwa betri. Juzi nilinunua Kampala pawa saplai ya volti 12, ampea 30, ile ya boksi la bati lenye matundu, ili nitumie umeme wa kawaida. Nilifunga waya mbili za plagi, nikawasha, ikapasuka kwa kishindo na moshi ukajaa chumbani. Nimenunua nyingine ya aina ileile lakini naogopa kuichomeka. Niifungeje kwa usalama? Naweza kuiunganisha na betri ili umeme ukikatika muziki usikatike? Tena rafiki yangu wa Malaba anayo kama hii, na waimbaji wake wanalalamika kwamba maiki inawauma midomo. Kisa ni nini?"

Ndugu yangu, woga wako umekusaidia. Iache hiyo ya pili palepale mezani, chukua tochi, umulike ubavuni mwa boksi. Utaona kitundu cha mraba, na ndani yake swichi ndogo ya plastiki, mara nyingi nyekundu, inayosogezwa kwa ncha ya bisibisi. Juu yake pameandikwa 115 au 230, nyingine 110 au 220. Ukikuta inasoma 115, basi ya kwanza nayo bila shaka ilitoka dukani hivyo hivyo, na umeshajua ilikufa kwa nini.

Umeme wetu Uganda ni volti 240. Ndani ya boksi lako mna kapasita mbili kubwa, yaani vyombo vya kuhifadhi umeme, nene kama kidole gumba, ambazo kwa kawaida zimetengenezwa zibebe volti 200 kila moja. Swichi ikiwa kwenye 230, umeme ukishanyooshwa, yaani kugeuzwa kuwa wa moja kwa moja kama wa betri, unafika kama volti 339, na kapasita hizo mbili zinagawana mzigo, kila moja karibu 170. Hapo zinapumua. Swichi ikiwa kwenye 115, mfumo unabadilika kuwa wa kuzidisha volti mara mbili, kwa ajili ya nchi kama Marekani ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Ukiuchomeka kwenye 240, kila kapasita inapewa zile 339 peke yake. Maji yake ya ndani yanachemka, kofia inapasuka, na ule moshi mweupe wenye harufu kali ndio uliouona. Swichi hiyo isogeze wakati plagi imechomolewa tu, uhakikishe imelala upande wa 230 mpaka mwisho, kisha ifunike kwa utepe ili isisogee njiani.

Lakini hata kama swichi ingekuwa sawa, namna ulivyoifunga isingekuacha salama. Umesema ulifunga waya mbili za plagi. Pawa saplai hii inataka tatu. Dukani umeuziwa kiungo, hukuuziwa kifaa kamili. Chaja ya simu yako imefungwa plastiki pande zote, huwezi kugusa chochote hata ukitaka. Boksi hili lina skrubu za umeme wa volti 240 zimekaa wazi mbele, kwa sababu aliyelitengeneza alitarajia liingie ndani ya kitu kingine, kwa mfano bango la taa, kabati la kamera au mashine ya kiwandani. Aliyejenga mashine hiyo ndiye anayeweka ganda la nje, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), fyuzi, swichi na njia ya hewa. Sasa mjenzi ni wewe, na hayo yote yamekuangukia wewe.

Nianze na ethi, maana ndiyo inayojibu na suala la maiki ya Malaba. Ndani ya pawa saplai za aina hii kuna kapasita ndogo za buluu zinazounganisha waya wa moto na bati la boksi, na nyutro (waya wa kurudishia umeme) na bati hilohilo. Kazi yake ni kupeleka makelele ya umeme ardhini. Ukifunga ethi, yanakwenda ardhini kweli. Usipofunga, bati linabaki linaning'inia katikati ya waya wa moto na nyutro, yaani kwenye volti kama 120 hivi. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana watu wanaendelea kuimba, ila midomo ni laini na ina unyevu, kwa hiyo inausikia. Bati limeungana na amplifaya, amplifaya imeungana na waya wa maiki, na mwimbaji amesimama peku kwenye nyasi zenye umande. Mwambie rafiki yako asiichukulie kama kero ya kawaida. Siku insulesheni ya ndani ikiharibika, mkondo huohuo mdogo unakuwa umeme kamili, na mtu aliyeshika maiki hatapata nafasi ya kuiachia. Azime leo, asiiwashe tena mpaka waya wa tatu umefungwa.

Waya huo wa tatu, wa kijani na njano, unafungwa kwenye skrubu yenye alama ya mistari mitatu inayopungua kwenda chini. Wa kahawia kwenye L, wa buluu kwenye N. Ukikuta waya za zamani, nyekundu ni ya moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5 wenye nyuzi tatu ndani, na plagi yetu ya pini tatu za mstatili. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi itoe, weka ya 5. Pawa saplai yako haivuti zaidi ya ampea 4 hivi ikifanya kazi kwa nguvu zote, na fyuzi ya 13 ingeacha mkondo mkubwa mno upite kabla haijakatika.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wengi wanajidanganya. Pini ya tatu kuwepo kwenye plagi si ushahidi kwamba ethi ipo. Nimefungua eksitensheni nyingi zinazouzwa barabarani, nje zina matundu matatu mazuri, ndani waya mbili tu. Zile adapta zinazopokea plagi ya kila nchi nazo nyingi hazina njia ya ethi kabisa. Wewe unayefanya kazi viwanjani, kwa jirani leo na kwa shemeji kesho, eksitensheni ndiyo kifaa chako muhimu kuliko spika. Ifungue mwenyewe ncha zote mbili, uone kwa macho nyuzi tatu zimekazwa. Kisha weka mita kwenye upande wa kupima mwendelezo, ule unaolia njia ya waya ikiwa nzima, ncha moja kwenye pini ya juu ya plagi, nyingine kwenye tundu la juu la soketi. Isipolia, usiende nayo kazini.

Na kama soketi za nyumba unayotumia hazina ethi ukutani, hilo si la kutengeneza kwa kuchomeka msumari ardhini. Mwite fundi wa nyaya mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini, apime fimbo ya ethi na afunge kikata umeme cha milliampea 30, kile chenye kitufe cha kujaribia. Kitufe hicho kibonyeze mara moja kwa mwezi. Kisipojizima, kimekufa.

Ganda la nje lifanye la bati. Mchomeleaji yeyote wa mjini Tororo anaweza kukukunjia sanduku lenye mpini. Ethi ifungwe na kwenye sanduku hilo pia, kwa skrubu yake peke yake, rangi ikikwanguliwa chini yake mpaka bati ling'ae. Acha nafasi ya kama sentimita 10 upande wa feni na upande hewa inakotokea, na matundu yafunikwe kwa wavu. Nimetoa mijusi waliokauka kwenye boksi hizi, na mende wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wanafuata joto, wakikanyaga mahali pabaya ni shoti. Sanduku la spika lisikushawishi hata kidogo, mtikisiko wa besi hulegeza skrubu zote.

Sasa upande wa volti 12. Watu huuona mpole kwa sababu haurushi mtu, kumbe ndio unaochoma nyumba. Ampea 30 zikipita kwenye waya mwembamba, waya huo unageuka jiko. Kwanza angalia amplifaya yako ubavuni, ina fyuzi za rangi kama za gari. Zijumlishe. Ukikuta mbili za 25, amplifaya hiyo inaweza kudai hadi ampea 50, hata kama karatasi ya dukani inasema vinginevyo. Pawa saplai ya 30 isizoeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, yaani ampea 24, na chini ya paa la mabati mchana wa jua hesabu pungufu ya hapo. Besi ikipiga kwa nguvu, itajizima na kujiwasha, tik, tik, tik, na muziki utakatikakatika. Hiyo ni kinga yake inafanya kazi, haijaharibika. Punguza sauti au tafuta amplifaya ndogo. Usinunue ya pili ukaziunganisha sambamba, maana hazigawani mzigo sawa, moja itabeba karibu wote.

Unene wa waya wenyewe una hesabu yake. Ukiweka pawa saplai mita 5 kutoka kwenye amplifaya kwa waya wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi ni mita 10, na ampea 24 zitakupotezea karibu volti 1.8 njiani. Kwa waya wa milimita 6 utapoteza kama 0.7. Kwa waya huohuo wa 6 lakini wenye urefu wa nusu mita, upotevu ni mdogo kiasi cha kutouhesabu. Kwa hiyo pawa saplai ikae bega kwa bega na amplifaya, na urefu wote uwe kwenye eksitensheni ya 240. Utaona pia kwamba kuna skrubu tatu za alama ya kutoa na tatu za kujumlisha. Skrubu moja haikukusudiwa kubeba ampea zote, gawa mzigo kwenye zote tatu. Weka fyuzi ya ampea 30 kwenye waya wa kujumlisha, karibu na boksi.

Na tafadhali usiloweshe ncha za waya kwa risasi ya kulehemu kabla ya kuzikaza. Najua inapendeza, nyuzi zinashikamana. Ila risasi ni laini, ikibanwa na skrubu inaendelea kusogea polepole, siku kwa siku, mpaka muungano unalegea. Waya uliolegea unapata joto, plastiki ya kuzuia skrubu inakuwa kahawia, halafu nyeusi. Tumia vichwa vya kubana vya shaba. Safari mbili tatu za boda kwenye barabara ya vumbi zikipita, fungua sanduku ukaze upya. Ni dakika tano.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, usiunganishe amplifaya. Tafuta balbu ya zamani yenye uzi unaowaka ndani, ya wati 60 au 100, si ya LED, uifunge mfululizo kwenye waya wa moto, yaani umeme upitie balbu kwanza ndipo ufike kwenye boksi, kisha uwashe ukiwa umekaa mbali kidogo. Balbu ikimetameta mara moja ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa, kuna kitu ndani kimekufa. Balbu hii haikuokoi na ile swichi ya 115, kwa hiyo iangalie tena kabla hujaanza. Ikipita mtihani, toa balbu, pima volti za kutoka. Kuna kiduara kidogo cha plastiki karibu na taa ya kijani, kizungushe taratibu mpaka mita isome 12 au 13 hivi. Pima mara mbili kipi ni kujumlisha na kipi ni kutoa. Ndipo uunganishe amplifaya.

Kuhusu betri, jibu ni hapana, si moja kwa moja. Pawa saplai hii si chaja. Betri iliyoshuka itavuta kila ampea inayopata, na boksi litazidiwa. Umeme ukikatika betri itarudisha mkondo ndani ya boksi lisilotarajia hivyo, na amplifaya itaendelea kuinyonya mpaka imekufa, maana hakuna kinachoikata. Zipo moduli za aina nyingine zilizotengenezwa kwa kazi hii, zina skrubu za betri peke yake, zinaichaji kwa kiasi na kuizima ikishuka. Hizo nunua ukiweza. Kama huwezi, chaji betri nyumbani kwa chaja yake halisi, mahali penye hewa, uende nayo. Nikiwa wewe, kwenye matanga ya uwanjani, mvua ikinyemelea, ningetumia betri hata kama umeme upo hatua kumi.

Wewe uko Tororo, na hili la mvua si la kupita. Mji wako umewekwa kwenye vitabu vya rekodi: kati ya 1967 na 1976 ulipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga nguzo ya mbali, msukumo unakuja kwenye waya, na kinga ndogo iliyomo ndani ya boksi huvumilia mara chache kisha huisha kimyakimya. Ukisikia ngurumo ya kwanza, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, nafasi iliyomo ndani ya swichi ni ya milimita chache, na radi imeruka kutoka mawinguni.

Umeme ukikatika, chomoa pia. Unaporudi huwa na volti zinazopanda na kushuka kwa muda, na pawa saplai nyingi za hivi zinavumilia kati ya 180 na 264 tu. Volti gadi yenye kuchelewesha itakusaidia. Kwenye jenereta, iwashe kwanza itulie, ndipo uchomeke, na uchomoe kabla petroli haijaisha. Ukizima usiwashe papo hapo, subiri dakika moja au mbili. Ndani kuna kiungo kinachozuia mkondo wa kuanzia, na kinafanya kazi kikiwa kimepoa tu.

Umeniuliza usalama, basi na hili nikueleze. Nilipokuwa mwanafunzi wa fundi huko Jinja, nilifungua pawa saplai iliyochomolewa saa nzima. Ndani kuna rezista ndogo inayomwaga umeme wa kapasita taratibu. Hiyo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, haikumwaga chochote. Nilipogusa, mkono uliruka wenyewe ukagonga jiriwa, na alama yake bado iko juu ya kifundo. Mshtuko ungepita kifuani nisingekuandikia leo. Tangu hapo, kila boksi ninalofungua nalisubirisha dakika kumi, halafu naweka mita kwenye volti za moja kwa moja, upande wa 600 au zaidi, napima miguu ya kila kapasita. Mkono mmoja mezani, mwingine mfukoni. Ikisoma chini ya 10 ndipo naendelea.

Ile iliyopasuka usiitupe, na usiifungue leo. Ipeleke kwa fundi wa elektroniki. Akikuta zimepasuka kapasita peke yake, kuzibadilisha si gharama kubwa. Ila mara nyingi fyuzi ya ndani huwa imekatika, na hapo ndipo utamkuta mtu wa kukuambia aweke uzi wa waya mahali pa fyuzi, ijaribiwe. Mkatalie. Fyuzi hiyo hukatika kwa sababu transista au diodi zimeshikana, na ukiweka waya, kinachofuata kuungua ni eksitensheni yako. Abadilishe kilichokufa kwanza, aweke fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa, kisha aiwashe mbele yako kupitia balbu.